Ofa ya Chuo Kikuu Isiyo na Masharti: Ikubaliwe Lini, Iachwe Lini

Ofa isiyo na masharti ni ahadi ya chuo kikuu kwamba mwombaji amepata nafasi, na kwamba hakuna matokeo ya mtihani yanayosubiriwa ili nafasi hiyo ithibitishwe. Ofa yenye masharti humpa mwombaji nafasi iwapo tu atapata alama fulani, kwa mfano A moja na B mbili katika mitihani ya A-level. Nchini Uingereza vijana wa miaka 17 na 18 hupokea ofa hizi miezi kadhaa kabla ya kuingia chumba cha mtihani, na hutakiwa kuchagua wakati bado hawajui watafaulu kiasi gani. Miongoni mwao wamo watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko, pamoja na wanafunzi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaoomba vyuo vya Uingereza wakiwa nyumbani.

Kwa mwanafunzi na mzazi wake, barua inayosema nafasi ni yake tayari huleta faraja kubwa, na faraja hiyo ndiyo inayoweza kupotosha uamuzi. Kanuni ya kushika ni hii: ofa isiyo na masharti ikubaliwe kama chaguo la kwanza pale tu ambapo kozi hiyo, katika chuo hicho, ingekuwa chaguo la kwanza la mwanafunzi hata kama ingekuja na masharti. Kama sivyo, ofa hiyo bado inaweza kuwa na kazi, lakini kazi yake ni nyingine.

Kwa nini ofa hutangulia matokeo

Msomaji aliyezoea utaratibu wa Afrika Mashariki anaweza kushangazwa na mpangilio huu. Nchini Tanzania, mwanafunzi huomba chuo baada ya Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA, kutangaza matokeo ya Kidato cha Sita. Nchini Kenya, taasisi ya udahili ya KUCCPS huwapangia wanafunzi vyuo baada ya matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, kutoka. Chuo kinaona alama halisi, kisha kinaamua.

Uingereza hufanya kinyume. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, taasisi yenye makao yake Cheltenham iliyoundwa mwaka 1993. Mwombaji anaweza kuchagua hadi kozi tano. Anayeomba udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo anaruhusiwa kozi nne tu za fani hiyo. Maombi ya Oxford, Cambridge na kozi hizo za udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, na ya kozi nyingine nyingi hufungwa Januari. Matokeo ya A-level, hata hivyo, hutoka katikati ya Agosti. Kwa hiyo vyuo huamua kwa kutazama matokeo ya mitihani ya GCSE iliyofanywa miaka miwili nyuma, maelezo binafsi ya mwombaji, ushuhuda wa shule, na alama za makadirio ambazo walimu hukisia kuwa mwanafunzi atazipata.

Makadirio hayo si kipimo cha kutegemewa sana. Utafiti wa msomi wa elimu Gill Wyness wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata alama zilezile walizokadiriwa katika masomo yao matatu bora, na kwamba wengi wa waliobaki walikadiriwa alama za juu kuliko walizopata. Serikali ilifikiria kuhamisha udahili uwe baada ya matokeo, ikakusanya maoni mwaka 2021, kisha ikaliacha wazo hilo Februari 2022. Ofa zinazotangulia matokeo zinaendelea kuwa desturi, na mwanafunzi hana budi kujua namna ya kuzipokea.

Aina tatu za ofa isiyo na masharti

Si kila ofa ya namna hii ina sababu moja, na sababu ndiyo inayoamua uzito wake.

Aina ya kwanza hupewa mwombaji ambaye tayari ana matokeo. Huyu ni kijana aliyemaliza A-level mwaka uliopita akapumzika au kufanya kazi, mtu mzima anayerudi masomoni, au mwanafunzi wa Uskoti ambaye mitihani yake ya Highers huwa ameifanya mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari. Mtanzania anayeomba akiwa na cheti cha Kidato cha Sita mkononi naye yumo katika kundi hili. Kwake hakuna jambo la kutilia shaka: chuo kimeona alama, zimetosha, kimekubali.

Aina ya pili hutolewa katika sanaa, muziki, uigizaji na ubunifu, ambako chuo hupima mkusanyo wa kazi za mwombaji au humwita aonyeshe uwezo wake mbele ya walimu. Chuo kikisharidhika na mkono wa mchoraji au sauti ya mwimbaji, alama za A-level huwa na nafasi ndogo katika uamuzi. Hapa pia ofa ina msingi wa kitaaluma.

Aina ya tatu ndiyo iliyozua mjadala. Hii hupewa mwanafunzi ambaye bado hajafanya mtihani, katika kozi ya kawaida kama biashara, saikolojia au sheria, kwa kuegemea makadirio peke yake.

Aina hii ilienea kwa sababu za kifedha. Kuanzia mwaka 2012, vyuo vya England viliruhusiwa kutoza ada ya hadi pauni 9,000 kwa mwaka, ambayo sehemu kubwa ya wanafunzi huilipa kwa mkopo wa serikali. Kisha ukomo wa idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaweza kuwachukua ukalegezwa, na kufikia mwaka wa masomo 2015/16 ukaondolewa. Wakati huohuo idadi ya vijana wa miaka 18 nchini ilikuwa ikipungua. Kila mwanafunzi akawa na thamani ya ada ya miaka mitatu, na vyuo vikaanza kumgombea.

Takwimu za UCAS zinaonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwaka 2013, vijana wa miaka 18 wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini walipewa ofa zisizo na masharti 2,985. Mwaka 2018 zilifikia 67,915. Ikaenea pia ofa ya mtego: chuo kilitoa ofa yenye masharti, kikaahidi kuyaondoa masharti hayo endapo mwanafunzi ataahidi kukiweka kuwa chaguo lake la kwanza. Ukizijumlisha na hizo, zaidi ya theluthi moja ya waombaji wa umri huo mwaka 2018 walipata angalau ofa moja ya aina hiyo.

Aprili 2019, Waziri wa Elimu Damian Hinds aliviandikia vyuo vikuu 23 akivitaka viache ofa hizo za kumshinikiza mwanafunzi. Janga la korona lilipofunga shule mwaka 2020, msimamizi wa elimu ya juu wa England, Office for Students, alizipiga marufuku hadi Septemba 2021, na mwaka 2022 vyuo vyenyewe vilitia saini kanuni za udahili wa haki zinazozikataa. Kwa kanuni hizo, ofa zisizo na masharti zimebaki kwa mazingira mahususi. Mwanafunzi wa leo anayeambiwa kwamba masharti yataondolewa akikiweka chuo fulani mbele ya vingine ana haki ya kuuliza kwa maandishi kwa nini, na mwalimu wake anapaswa kumsaidia kuuliza.

Faida zilizo za kweli

Ofa ya namna hii ina manufaa halisi ambayo hayafai kubezwa. Mwanafunzi aliyeugua mwaka mzima, anayemuuguza mzazi, au aliyefiwa karibu na mitihani anapata uhakika kwamba siku chache mbaya za Mei na Juni hazitamfungia mlango. Kwa mwenye wasiwasi mkubwa wa mitihani, kuondolewa hofu hiyo kunaweza hata kumfanya afanye vizuri zaidi.

Kuna pia faida za mipango. Aliyethibitisha nafasi mapema anaweza kuomba bweni kabla halijajaa, kupanga mkopo na bajeti, na kuzungumza na chuo mapema kuhusu mahitaji yake kama ana ulemavu. Kwa mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza, faida ni kubwa zaidi, kwa sababu ombi la viza haliwezi kukamilika bila nafasi iliyothibitishwa.

Hasara zinazojitokeza baadaye

Hasara ya kwanza ni kulegea. Ripoti za UCAS na za Office for Students zilionyesha kwamba waliokubali ofa zisizo na masharti walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata alama za chini sana kuliko walizokadiriwa, wakilinganishwa na wenzao waliokuwa na masharti ya kutimiza. Mwanafunzi anayejua kwamba hata akipata D tatu nafasi ipo hulazimika kujisukuma mwenyewe, na si kila kijana wa miaka 17 anaweza.

Hasara ya pili ni kwamba alama hizo za chini hazifutiki. Mwanafunzi anayetaka kuhamia chuo kingine mwishoni mwa mwaka wa kwanza ataulizwa matokeo yake ya A-level. Baadhi ya kozi za udaktari kwa wenye shahada huyatazama pia. Waajiri wamegawanyika: kampuni ya PwC iliacha mwaka 2015 kutumia pointi za A-level kuwachuja waombaji wake, lakini wapo wanaoendelea kuzitaja katika matangazo ya kazi.

Hasara ya tatu inahusu maandalizi. Miezi ya mwisho ya A-level ndiyo mwanafunzi wa uhandisi anapoimarisha hesabu za kalkulasi, na wa biokemia anapozoea kemia ya kaboni. Atakayeziacha mada hizo Machi atakutana nazo tena Oktoba, mbele ya mhadhiri asiyerudi nyuma kumsubiri. Office for Students ilibaini pia kwamba wanafunzi walioingia kwa ofa hizi walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutoendelea na mwaka wa pili. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijitokeza hata baada ya kuzingatia mambo mengine yanayowatofautisha wanafunzi.

Hasara ya nne ndiyo nzito kuliko zote: kuchagua kozi isiyofaa. Mwanafunzi anayependa uhasibu hukubali masomo ya utalii kwa sababu barua ya utalii ilifika kwanza na haikumdai kitu. Miaka mitatu na deni la mkopo ni gharama kubwa ya kununua utulivu wa miezi minne.

Chaguo thabiti na chaguo la akiba

Kinachowaponyoka wanafunzi wengi ni utaratibu wa kujibu ofa. Baada ya vyuo vyote kujibu, mwombaji huruhusiwa kubaki na ofa mbili. Ya kwanza ni chaguo thabiti, ile anayoitaka zaidi. Ya pili ni chaguo la akiba, atakayoiangukia ikiwa hatatimiza masharti ya ile ya kwanza. Nyingine zote huzikataa.

Mwanafunzi akiweka ofa isiyo na masharti kuwa chaguo thabiti, hawezi kuwa na chaguo la akiba. Amejifunga. Vyuo vingine vyote vinaondoka siku hiyohiyo.

Lakini akiweka ofa yenye masharti kuwa chaguo thabiti, anaweza kuiweka ofa isiyo na masharti kuwa akiba. Akitimiza alama, anakwenda chuo anachokitaka na ile ya akiba inakufa yenyewe. Asipotimiza, na chuo cha kwanza kikimkataa, nafasi ya akiba inakuwa yake bila swali, maana haikudai alama yoyote.

Mfano ufuatao unaonyesha thamani ya mpangilio huu. Mwanafunzi amekadiriwa A mbili na B moja. Chuo alichokipenda alipokitembelea kimempa ofa ya uhasibu kwa sharti la A moja na B mbili. Chuo kingine, alichokiorodhesha cha mwisho, kimempa nafasi ya biashara bila masharti. Nyumbani wanamshauri achukue ile ya uhakika. Ushauri huo unatoka katika moyo mwema, lakini unatupa bure ofa nzuri. Akiuweka uhasibu kuwa chaguo thabiti na biashara kuwa akiba, hapotezi uhakika wowote: hata mitihani ikimwendea vibaya, bado ana chuo Septemba. Anachoongeza ni sababu ya kusoma hadi siku ya mwisho.

Mpangilio huu una sharti moja tu. Chaguo la akiba liwe mahali ambapo mwanafunzi yuko tayari kwenda kweli. Kama hangependa kusoma kozi hiyo kwa hali yoyote, ni afadhali kuikataa na kubaki na chaguo thabiti peke yake, kwa sababu nafasi nyingine hupatikana Agosti kupitia Clearing, mpango wa UCAS wa kujaza nafasi zilizobaki.

Maswali ya kujibu kabla ya kukubali

Swali la kwanza ni kama mwanafunzi angeichagua kozi hii kama ofa zote tano zingekuja na masharti sawa. Njia rahisi ya kulijibu ni kuzipanga ofa zote kwa upendeleo katika karatasi, bila kuandika masharti yake, kisha kuona ile isiyo na masharti imeangukia wapi.

Swali la pili ni kama anaijua kozi yenyewe. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana. Moja ina mwaka wa kufanya kazi viwandani, nyingine haina. Moja inatambuliwa na chama cha wataalamu wa fani hiyo, nyingine haitambuliwi, na mhitimu wake atalazimika kufanya mitihani zaidi. Orodha ya masomo ya kila mwaka, namna ya kupimwa, na kazi wanazopata wahitimu ni habari zilizowekwa wazi, na zinapaswa kusomwa kabla ya kujibu.

Swali la tatu ni kama amefika chuoni hapo. Vyuo vingi huandaa siku za wageni kwa waliopewa ofa. Asiyeweza kusafiri aombe kuzungumza kwa mtandao na mwanafunzi wa kozi hiyohiyo, hasa wa mwaka wa pili, ambaye ameshaona mazuri na mabaya.

Swali la nne ni gharama. Ofa isiyo na masharti haisemi chochote kuhusu hali ya ada. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa mkazi wa nyumbani hulipa England ada isiyozidi pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, na hupata mkopo wa kuilipia. Anayehesabiwa kuwa wa nje hulipa kiwango ambacho chuo kinajipangia chenyewe, mara nyingi kikubwa zaidi, bila mkopo wa serikali. Familia zilizohamia Uingereza hujikwaa hapa. Mtoto aliyesoma shule za London tangu darasa la pili anaweza kukuta kwamba aina ya kibali chake cha ukaazi haimpi haki ya ada ya nyumbani. Hali hiyo ithibitishwe na chuo kwa maandishi kabla ya ofa kukubaliwa.

Swali la tano ni la kujichunguza. Je, mwanafunzi huyu hujisukuma bila kusukumwa? Anayejijua kuwa hufanya kazi vizuri akiwa na lengo mbele yake ananufaika zaidi na ofa yenye masharti. Kukiri hivyo si udhaifu.

Kusoma barua hadi mwisho

Maneno "bila masharti" yanahusu matokeo ya mitihani tu. Barua hiyohiyo inaweza kubeba mahitaji mengine. Chuo kitataka vyeti halisi. Kozi za uuguzi, ualimu na kazi za jamii hudai uchunguzi wa rekodi ya makosa ya jinai na wa afya. Wasiosoma kwa Kiingereza hutakiwa kuonyesha alama za mtihani wa lugha kama IELTS. Wanafunzi wa nje huombwa malipo ya awali, na masharti ya kurudishiwa fedha hizo yanatofautiana kati ya chuo na chuo.

Iangaliwe pia ofa ni ya mwaka gani wa masomo. Hili linawahusu sana Wakenya. Vyuo vingi vya Uingereza havichukui cheti cha KCSE peke yake kuwa kinatosha kuingia mwaka wa kwanza wa shahada, bali humtaka mwanafunzi asome kwanza mwaka wa maandalizi. Ofa isiyo na masharti inaweza kuwa ya mwaka huo tu, huku kuingia mwaka wa kwanza kukitegemea alama atakazopata humo. Mzazi anayedhani amelipia mwanzo wa shahada ya miaka mitatu atagundua kwamba ni safari ya miaka minne, na kwamba mlango wa pili bado una masharti.

Waombaji walioko Afrika Mashariki

Kwa mwanafunzi aliye Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ofa isiyo na masharti ni hatua ya lazima, kwani baada ya kuikubali ndipo chuo hutoa hati ya uthibitisho inayoitwa CAS, na bila hati hiyo ombi la viza ya mwanafunzi halipokelewi. Aliyeanza na ofa yenye masharti huibadili kuwa isiyo na masharti kwa kupeleka matokeo. Anayefanya Kidato cha Sita hupata matokeo yake Julai, na anayefanya mitihani ya Cambridge ya Mei na Juni huyapata Agosti, kwa hiyo muda wa kuandaa nyaraka ni mfupi. Ombi la viza linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya kozi kuanza. Fedha za ada ya mwaka wa kwanza na za kujikimu, hadi za miezi tisa, lazima ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo. Waombaji wanaoishi katika nchi zote sita zilizotajwa huhitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa.

Mwenye ofa kadhaa zisizo na masharti asilipe malipo ya awali katika zaidi ya chuo kimoja. Alinganishe kwanza ada ya miaka yote, gharama za maisha za mji husika, na kama udhamini aliopewa ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima. Tofauti ya gharama za pango kati ya London na miji ya kaskazini inaweza kumaliza faida yote ya punguzo la ada.

Utambuzi wa shahada nyumbani ni jambo la kuulizia mapema. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotathmini na kutambua tuzo za vyuo vya nje. Mwanafunzi aliyepewa nafasi kwa alama ambazo zisingemwingiza chuo kikuu nchini mwake aulize TCU, au mamlaka kama hiyo ya nchi yake, kabla ya kulipa hata senti.

Kuna pia ulaghai. Barua ya ofa ni karatasi rahisi kughushi, na neno "uhakika" ndilo ambalo mawakala wasio waaminifu hulitangaza zaidi. Ofa ya kweli huonekana katika akaunti ya mwombaji mwenyewe ya UCAS, au katika mfumo wa udahili wa chuo, na huthibitishwa kwa kuiandikia ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti rasmi. Chuo lazima kiwe katika orodha ya serikali ya Uingereza ya taasisi zenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa nje. Ada hulipwa kwa chuo moja kwa moja, kamwe si kwa akaunti ya wakala.

Nafasi ya mzazi na mwalimu

Mzazi hana budi kuuliza, lakini uamuzi ubaki wa atakayekaa darasani. Maswali yanayosaidia ni ya aina hii: umeipendea nini kozi hii, umesoma orodha ya masomo yake, utaishi wapi, na ada ikoje. Shinikizo la kukubali haraka ili habari itangazwe kwa ukoo humnyima kijana muda wa kufikiri, ilhali muda upo. Wengi waliojibiwa na vyuo vyote kufikia katikati ya Mei huwa na nafasi ya kuamua hadi mwanzoni mwa Juni, na tarehe kamili ya kila mmoja huonekana katika akaunti yake ya UCAS. Tarehe hiyo isipitwe, kwa sababu ofa isiyojibiwa huhesabiwa kuwa imekataliwa.

Mwalimu kwa upande wake amweleze mwanafunzi ukweli kuhusu makadirio. Akiona yanaweza kuwa ya juu mno, ashauri chaguo la akiba lenye alama za chini au lisilo na masharti. Akiona ni imara, amtie moyo alenge juu.

Baada ya kukubali

Aliyekubali ofa isiyo na masharti kwa sababu sahihi anahitaji kujiwekea masharti yake. Ajiandikie alama anazozitaka katika kila somo, amwombe mwalimu azifuatilie, na aulize chuo ni mada zipi za A-level zitakazotumika katika muhula wa kwanza. Baadhi ya vyuo hutoa udhamini kwa wanaofikia alama fulani hata kama nafasi yao haizitegemei. Hilo ni lengo la kushika.

Aliyebadili mawazo muda mfupi baada ya kujibu awasiliane na UCAS ndani ya siku 14, ambapo majibu yanaweza kurekebishwa. Baada ya hapo njia iliyobaki ni kuiachia nafasi na kuingia Clearing, ambayo hufunguliwa mapema Julai na kuendelea hadi Oktoba. Tangu mwaka 2019 mwombaji anaweza kujiondoa mwenyewe kupitia akaunti yake. Njia hii huwafaa waliopata matokeo mazuri kuliko walivyotarajia na kujutia uamuzi wa haraka. Itumike kwa tahadhari: nafasi ikishaachwa, chuo hakilazimiki kuirudisha. Utaratibu salama ni kuvipigia simu vyuo vinavyotakiwa kwanza, kupata ahadi ya ofa ya kozi husika, kuuliza kuhusu bweni, ada na mkopo, na ndipo kuiachia nafasi ya zamani. Kwa mwanafunzi wa nje mwenye CAS au viza iliyokwisha kutolewa, kubadili chuo huhitaji CAS mpya na huenda kukahitaji ombi jipya la viza, kwa hiyo uamuzi wake ufanywe kabla ya hatua hizo kuanza.